Aliyeitikiwa Akiwa Nje

Nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita, na majoka yalipouteketeza mji, watu walitoka majumbani mwao na vito, vyeti na picha za harusi. Mimi nilitoka na daftari la mahudhurio na kalamu mbili. Nilichekwa sana. Baada ya siku chache hakuna aliyecheka tena, kwa sababu watu walikuwa wakipotea na hakuna aliyejua ni nani hasa amepotea.

Tunaishi katika ghala la kugandishia nyama. Umeme ulikatika zamani, kwa hiyo hakuna baridi wala nyama. Kulabu zimebaki darini, na harufu ile haitoki hata ukisugua mpaka mikono ichubuke. Lakini kuta zina unene wa mkono mzima, na mlango ni wa chuma, unasukumwa na watu wawili na kufungwa kwa komeo la ndani. Waliolijenga walitaka joto lisiingie. Hawakujua ni joto la namna gani, ila nawashukuru hivyo hivyo.

Hapa tunaitana kwa kazi: Kinyozi, Mpishi, Mkunga. Majina ya zamani tuliyaacha kwa sababu kila jina lilikuwa na marehemu wake, ukimwita mtu mmoja wanalia watatu.

Utaratibu ulikuwa huu. Bati likigongwa juu ya paa, kila mtu anaacha alichoshika anakimbilia ndani. Mimi nasimama mlangoni na daftari, naita mstari kwa mstari, na kila mtu anaitika "Nipo!" Wote wakishaitika, mlango unafungwa na komeo linashuka, na halipandi mpaka joka liondoke. Kukiwa na asiyeitika, nahesabu mpaka mia mlango ukiwa wazi. Mia, basi. Majirani zetu wa ghala la mbolea walisubiri zaidi ya hapo, na sisi ndio tuliokwenda kuwatoa kwa sepetu.

Sasa niseme kosa langu, maana nikilizungukazunguka sitalisema. Siku moja niliita Dereva, na Dereva alikuwa ameungua jana yake. Ulimi uliteleza tu. Jina lilikuwa mstari wa tisa, na mimi nikianza kusoma nasoma yote. Mjane wake, Mpishi, akiwa bado na mwiko mkononi, akasema, "Yupo." Watu wakalia, na kwa mara ya kwanza kilikuwa kilio cha kumpunguzia mtu mzigo. Tangu siku hiyo sikumfuta mtu. Wafu waliitwa pamoja na wazima, na ndugu zao waliwaitikia. Wala sitajifanya kwamba nilivumilia tu. Nilipenda. Nilijiona nina darasa zima.

Ila wafu nao, ukiwaita kila siku, wanazoea. Watu walianza kuwasikia. Chuma cha mlango kikipata joto hulia, na kikilia Mpishi alikuwa akisema, "Dereva huyo, anataka maji." Tukawa tunapita karibu na mlango kwa kunyata. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiwacharaza watoto kwa kusema habari za mizimu darasani, nilikuwa nikipita pale nasema "hodi" kimoyomoyo.

Mdogo wangu alikuwa Fundi Saa. Tumetoka tumbo moja, mimi mkali na yeye mpole. Alikuwa kiongozi wa wapanda paa, wale wanaopigana na majoka. Kazi hiyo haitaki mwenye hasira. Inataka mtu wa kulala kifudifudi chini ya turubai lililoloweshwa, saa nzima bila kukohoa, akishika mkuki uliochongwa kwa springi ya lori, mpaka joka lishushe kichwa na ngozi ya chini ya taya ikunjuke. Ni pale tu panapoingia chuma. Fundi Saa alikuwa ameshaua mawili.

La tatu lilimkuta juu ya mnara wa simu. Kinyozi, mwenzake, alirudi peke yake, nyusi zimeungua zote, akasema mnara umeanguka na Fundi Saa akiwa juu yake, na mtaa mzima umeshika moto.

"Mwili umeuona?" nikamuuliza.

"Mwalimu, hapakuwa na cha kuona."

Wifi yangu ni Mshonaji. Yeye ndiye anayeshona yale maturubai. Hakulia. Alivuta turubai lililochanika akaendelea kushona, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Kesho yake, katika mwito wa kila asubuhi, nilipofika kwenye jina la mume wake nikaliita. Wifi hakuinua macho. "Yupo," akasema.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, bati likagongwa.

Tulikimbia kama kawaida. Mpishi alimwagia jiko maji, akina mama wakabeba watoto kama mizigo ya sokoni, Kinyozi na wenzake wakashuka paani wakisema joka ni kubwa na linatua, haliruki. Nikaita. Nipo, nipo, nipo. Nilipofika kwa Fundi Saa, wifi aliitika kabla sijamaliza kutamka, kwa sauti kubwa, kana kwamba anaogopa mtu mwingine asije akamwahi. "Yupo!" Nikaendelea mpaka mstari wa mwisho. Wote waliitikiwa.

"Funga," nikasema. Komeo likashuka.

Nimerudia hesabu hii mara nyingi mno. Kama wifi angenyamaza, ningeanza kuhesabu, na mlango ungekuwa wazi. Ningefika sitini. Labda sabini. Wakati huo ndipo tuliposikia mtu anagonga.

Kila mmoja alidhani ni marehemu wake. Mpishi alifunika uso kwa kanga, na mzee mmoja akasema, "Ni chuma hicho, kimepata joto." Kugonga kukaja tena, chini chini, karibu na sakafu.

Wifi aliruka kutoka alipokuwa. "Ni yeye! Wifi, ni yeye, fungua!"

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Nakuomba, wifi yangu, mume wangu yuko nje!"

Alishika komeo, na mimi nikalishika. Watu walidhani namzuia. Hapana, tulikuwa tunalipandisha wote wawili. Nilitaka kufungua. Kule nyuma yangu kulikuwa na watu thelathini na saba, kumi na mmoja kati yao watoto, na sikumkumbuka hata mmoja wao. Nilimkumbuka mdogo wangu peke yake.

Komeo lilikuwa limefika nusu pale kugonga kulipobadilika. Mbili, moja, mbili. Kimya kidogo. Mbili, moja, mbili.

Wapanda paa wana lugha yao ya kugonga, ya kuitana kutoka paa hadi paa kwa nyundo na bomba. Fundi Saa ndiye aliyeibuni. Mimi niliiandika ubaoni nikawafundisha wenzake, na tulikubaliana familia zisifundishwe, ili watu walio ndani wasije wakapigwa na hofu kwa kila wanachosikia. Mbili, moja, mbili maana yake ni: joka liko chini, msifungue.

Alirudia mara tatu. Taratibu, bila kukosea, kama alivyofanya kila kitu maishani mwake. Upande wa pili wa chumba Kinyozi aligeuka akaweka paji la uso ukutani. Naye alikuwa amesoma.

Nikalishusha komeo.

"Ni chuma, wifi," nikamwambia. "Ni joto tu linakichezea."

Nilisema uongo ule nikimtazama usoni, na nilijua kwa nini nausema. Akijua kwamba mume wake yuko hai nyuma ya mlango, atajua pia ni nani aliyeitika kwa niaba yake. Nilikuwa tayari anichukie kwa lolote, lakini hilo asilijue. Wifi alinitazama. Mikono yake ikaliachia komeo kidole kimoja kimoja, akateleza chini akakaa, kiganja kimoja kwenye chuma, mpaka kikamchoma akakitoa. Nikamshukuru Mungu kwamba ameniamini.

Kisha tukasikia chuma kikipigwa kule nje, kwa nguvu, kelele za makusudi. Zilikuwa zinasogea mbali nasi, kuelekea kwenye mizani ya malori. Mtu alikuwa anaita kitu kimfuate. Kitu kikamfuata. Sakafu ilitikisika hatua kwa hatua, rangi ya mlango ikatoka malengelenge, watoto tukawalaza chini na vitambaa vya maji usoni. Ukaja mngurumo, halafu mlio ambao sikuwahi kusikia joka likiutoa, mlio wa kuumia. Mabawa yakapiga mara mbili tatu, yakaenda zake. Baada ya hapo hakukuwa na sauti yoyote, na ukimya ule ninausikia mpaka leo nikiwa nakunywa chai.

Jua lilikuwa bado juu tulipotoka, mimi na Kinyozi kwanza, kama ilivyo kanuni. Upande wa nje mlango ulikuwa mweusi wa masizi kutoka juu mpaka chini, isipokuwa usawa wa magoti. Pale kulikuwa na alama za ngumi, safi, nyingi. Alikuwa amegonga akiwa amelala chini. Kwenye majivu kulikuwa na nyayo za mguu mmoja na mfereji wa ule mwingine, uliokuwa ukikokotwa. Siku tatu alikuwa akija hivyo.

Tulifuata mfereji mpaka kwenye mizani. Kulikuwa na damu nyeusi ya joka, beseni zima, na nusu ya mkuki. Nilichokikuta cha mdogo wangu nilikifunika kwa kitenge changu, sitakieleza.

Kinyozi alivua kofia. "Tutamwambia nini mke wake?"

"Tukimwambia alifika mlangoni, tumemwambia kwamba yeye ndiye aliyeufunga."

"Basi?"

"Basi chimba haraka, kabla wengine hawajatoka."

Nikachukua ndoo na tambara nikaufuta mlango wote, mzima, ili zile sehemu safi zisionekane. Watu walipotoka walinikuta nasugua. "Jamani, Mwalimu anaosha mlango na dunia imeungua!" mmoja akasema, na wengine wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Nilicheka nao. Machozi yangu yalikuwa yanaingia kwenye ndoo.

Kesho yake nilitangaza kwamba wafu hawataitwa tena. Sikutoa sababu. Nilisimama mezani na rula, nikaanza kuwafuta kwa mstari ulionyooka, na pembeni nikaandika siku ya kila mmoja. Mpishi alipoona nimemfuta Dereva alisonya akaondoka, akaninunia siku mbili. Nilipofika kwa Fundi Saa, wifi alikuja akasimama mbele yangu, turubai begani.

"Umeandika alikufa siku gani?"

"Siku ya mnara."

"Siyo."

Alikuwa amevaa tondoo kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kushonea. Akaigonga mezani, polepole, kando ya daftari langu. Mbili, moja, mbili.

Niliweka kalamu chini.

"Alinifundisha," akasema. "Najua mlikataza. Lakini alikuwa akikosa usingizi, basi ananigongea mgongoni kwa kidole, neno moja moja, mpaka nikazijua zote. Ile niliisikia vizuri kuliko wewe."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Mume wangu aliniambia nisifungue. Nikamtii." Jicho lake lilikuwa na kitu kama utani. "Na wewe ulikuwa umejitahidi sana na ule uongo wako, wifi. Ningekuvunjaje moyo?"

Nilitaka kumshika mkono, akausogeza.

"Andika siku yenyewe," akasema. "Andika alifia wapi. Na uandike nani aliitika."

"Daftari halina safu ya hayo."

"Chora."

Nikaweka rula nikachora. Rula ilinisogea, mstari ukaenda upande, wa kwanza kupinda katika daftari lile. Nikaandika siku. Nikaandika: kwenye mizani, baada ya kugonga mlango. Katika safu mpya nikaandika: aliyeitika, mkewe. Aliinama akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuondoka.

"Sijamaliza," nikamwambia.

Juu ya maneno yale, palipobaki nafasi ndogo, nikaandika: aliyeita, dada yake.

Wifi alirudi akasoma tena, yote mawili, kidole kikifuata herufi. Kisha akakaa kwenye benchi, akasogea hadi mwisho, akaweka turubai lake chini, ili na mimi nipate pa kukaa.