Mpira Ulikuwa wa Shemeji

Fundi cherehani alimwambia shemeji yake kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwambia tena kwa kumkanyaga mguu, lakini ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Katika mpira wa meza, mwanamke na mwanamume wakicheza pamoja, sheria haina mjadala: mnapiga kwa zamu. Akipiga huyu, unaofuata ni wa yule, hata ukimwangukia huyu kifuani. Ukipiga usio wako, alama ni ya wapinzani.

Shemeji mtu, kinyozi mwenye mikono myepesi, aliijua sheria hiyo kama anavyojua mkasi wake. Ila tangu kaka yake amwoe fundi, alijipa kazi ya kusaidia. Mke wa kaka akiinamia ndoo, ndoo imeshabebwa. Wageni wakimuuliza hali, kinyozi ameshajibu kwamba hajambo, alikohoa kidogo tu wiki jana. Na hapa mezani, mpira ukimjia mama wa watu kwa kasi, kinyozi alimwonea huruma na mkono ukaenda wenyewe.

Huruma hiyo ilikuwa inamponza fundi. Ilikuwa mechi ya mwisho ya michezo ya mkoa, na washindi ndio wangeuwakilisha mkoa kwenye mashindano ya taifa. Fundi aliitafuta nafasi hiyo miaka kumi na minne, akifanya mazoezi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mwakani kanuni mpya ingewazuia wote waliopita miaka thelathini na mitano, naye alikuwa ameshaitimiza.

Wapinzani wao walikuwa mwalimu wa hesabu, ambaye ni mama mnene wa polepole, na mwenzake, mpishi wa hospitali. Hawakuwa na mbio wala maajabu. Walikuwa na zamu tu.

Katika seti ya mwisho fundi na shemeji yake walifika tisa kwa tano. Kinyozi akamnyang'anya mipira mitatu, mingine miwili akaipiga nje kwa kiherehere. Tisa kwa kumi, na seti huisha kwa kumi na moja. Fundi akamwomba Mungu subira, akaona haiji upesi, akamwomba mwamuzi ile dakika moja ya mapumziko.

"Shemeji, mimi nina mikono mingapi?"

"Miwili, shemeji."

"Basi niachie niutumie mmoja. Ukigusa tena mpira wangu, kwangu hutakula mpaka kaka yako aote mvi."

"Nilikuwa nakusaidia tu."

"Nisaidie kwa kukaa mbali."

Kinyozi alikaa mbali kweli. Mwalimu alianzisha mpira, fundi akaurudisha chini chini, karibu na neti. Mpishi akaunyanyua kwa shida. Ukaja juu, mlaini, mpira ambao hata kipofu angeupiga. Ulikuwa wa kinyozi. Naye alisimama hatua mbili nyuma, kibao cha kupigia mpira kifuani, adabu tupu, akimtazama mke wa kaka yake.

Fundi alisubiri. Mpira ukadunda. Akaona unapanda, unataka kuanguka, na yule bwana bado amesimama kama mgeni mlangoni. Mkono wake ukaenda. Aliupiga ukagonga kona ya meza upande wa pili, ukapita bila mtu kuugusa, na jukwaani mumewe akasimama kushangilia, maskini, peke yake.

Mwamuzi aliinua mkono upande wa wapinzani. Mechi imekwisha.

"Shemeji," kinyozi akasema taratibu, "ule ulikuwa wangu."

"Najua."

"Si ulisema nikae mbali?"

"Najua nilichosema."

Lawama zote alizokuwa amemwekea tangu asubuhi sasa zilikuwa mikononi mwake mwenyewe, na hakuona pa kuzitua. Akataka angalau yule bwana acheke ili apate sababu ya kumgombeza. Hakucheka.

Wapinzani wakaja kupeana mikono. Mwalimu wa hesabu, akihema, akamwambia fundi kwamba siku nzima hajaona mpira uliopigwa vizuri kama ule. Fundi akashukuru. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipomchoma zaidi.