Friza Isiyohesabiwa

"Nitajieni kila kitu mtakachowasha, na kwa saa ngapi," fundi wa sola alisema. "Hapo ndipo nitajua paneli ngapi na betri ya ukubwa gani. Mkinificha, umeme utawakatikia muanze kunitukana."

Mama mkwe hakungoja kuulizwa mara mbili. Taa za sebuleni, televisheni, feni ya chumbani kwake, feni ya binti yake, pasi ya binti yake. Pasi! Fundi akasema pasi itaimaliza betri kabla shati halijanyooka. Mama mkwe akamkata jicho.

Mke wa mwanawe alikuwa mlangoni, mikono imelowa. "Na friza yangu," akasema. Juisi na barafu alizouza kutoka kwenye friza hiyo ndizo zilizolisha nyumba nzima, na shukrani yake ilikuwa kununiwa.

"Hiyo usiihesabu," mama mkwe alimwambia fundi, hata hakugeuka. "Mwezi ujao mwenyewe hayupo hapa."

"Nani hayupo?"

"Muulize mumeo."

Mume alikuwa kitini, anachokonoa kucha. Yaani mtu anafukuzwa mbele ya fundi, na mume mzima kafyata ulimi.

Fundi akaona bora apande ngazi kukagua paa. Akashuka akijikuna kichwa. Ghorofa la jirani liliitia nyumba yote kivuli. Jua, akasema, lilipiga kutwa kwenye paa la chumba cha uani tu.

"Hicho nimekijenga mimi," mke alisema. "Tofali na bati, kwa jasho langu. Nikiondoka, bati naezua."

"Thubutu!" wifi yake alifoka. "Kwenye kiwanja cha kaka yangu?"

"Utanizuia wewe, usiyejua hata kufua soksi zako?"

Mama mkwe akaanza kupayuka, mara hana adabu, mara hana shukrani. Mke hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama mumewe tu. Aseme basi. Aseme usiende, neno moja tu, naye angemeza matusi yote na hilo paa angewapa bure.

Mume akasimama. Akakohoa kidogo, akamtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa," akasema, "paneli tutaziweka wapi?"

Mke akafuta mikono kwenye kanga.

"Fundi," akasema, "hiyo ngazi usiiondoe."