Kuku Mwenye Kuuliza

Wewe uliyekaa karibu na moto wangu, nakutegea hiki: ukinipa jibu, mutu anakufa, ukininyima jibu, mutu anakufa vilevile. Mimi ni nani? Usikimbilie kujibu. Shika kwanza maharagwe haya, nisaidie kuambua, nami nitakueleza mambo ya Mwalimu Gracien.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo, hapa Butembo. Basoda wa kigeni walikuwa na kambi kwenye barabara ya kwenda Beni, na wao kwa wao waliongea Kiingereza. Gracien alikijua Kiingereza kwa sababu aliishi Kasindi, kule mupakani, akiwasaidia wenye malori kusemezana na watu wa duane, wale wa ushuru. Aliporudi kufundisha kwenye shule yetu ya kilimani, juu ya mashimo ya wafyatua matofali, alileta televizyo, kaseti moja, na groupe, ile mashine ya umeme yenye kukohoa kuliko muzee mwenye kifua.

Kaseti ilikuwa ya katuni fupi-fupi. Katika kila moja, kuku mama anamutafuta kifaranga wake. Kifaranga anajificha ndani ya chungu, chini ya kitanda, nyuma ya mulango. Kuku anawageukia watoto wenye kutazama, anauliza: "Wea izi hi?" Maana yake: iko wapi? Hapo Gracien anasimamisha kaseti. Darasa lote linasimama, mikono kwenye mapaja, linajibu pamoja kwa Kiingereza, sentensi nzima. Mwenye kunyamaza anabaki amesimama na wenzake wanamuchekelea. Ndipo kaseti inaendelea, kuku anamupata mwana wake, anamufunika kwa mabawa.

Mujukuu wangu Keren hakubaki amesimama hata mara moja. Hata nyumbani, nikiuliza mwiko iko wapi, ananirukia na Kiingereza. Mimi niliuzisha mandazi kando ya ua wa shule. Nilizoea wimbo ule wa majibu kama kengele ya kanisa.

Lakini Kiingereza kilekile ndicho kilichomuponza Gracien. Sokoni aliwasikia basoda wawili wakipanga kuvunja depo ya Muzee Mbusa, muuza mafuta. Walipanga kwa sauti kubwa, wakifikiri sisi wote ni mawe. Gracien akaenda kumuonya muzee. Basoda walipovunja depo wakakuta panya tu. Wakauliza-uliza, na mutu akamutaja mwalimu.

Walikuja muchana, watoto wakiwa mbele ya televizyo. Pikap mbili zikaziba lango. Darasa lilikuwa na mulango moja. Gracien akainua ubao wa estrade, lile jukwaa la mbao penye meza yake, akajipenyeza chini. Kabla ya kushusha ubao akasema:

"Batoto bangu, bakiuliza niko wapi, museme hapana, hatujue. Munasikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Aliwaambia kwa Kiswahili. Habari ya Kiingereza haikumujia kichwani.

Mukubwa wa basoda akaingia pamoja na mukalimani, kijana wa hapa hapa kwetu. Mukalimani akauliza:

"Mwalimu wenu iko wapi?"

"Hapana, hatujue."

"Munadanganya! Nitabachapa nyinyi bote!"

"Hapana, hatujue."

Wajasiri, watoto wale. Nakwambia, wajasiri.

Ila groupe ilikuwa ingali inakohoa, na kwenye televizyo kuku alikuwa ameganda, mudomo wazi. Mukubwa akamutazama kuku, akatabasamu. Akamusukuma mukalimani pembeni, akakaa juu ya meza, buti zake zikigonga-gonga ule ubao wa estrade, akabonyeza. Kuku akauliza. Akasimamisha. Watoto wakatazamana, kisha wakasimama, wakajibu. Mukubwa akapiga makofi, akatoa biskuti mufukoni. Akaweka katuni ingine: nyuma ya mulango. Biskuti. Ingine: ndani ya chungu. Watoto wakaanza kucheka. Kuku alipomupata kifaranga, mukubwa naye akapigapiga viwiko kama mabawa, wadogo wakaanguka kwa kicheko.

Mara ya mwisho hakubonyeza kitu. Sauti ya kuku aliitoa yeye mwenyewe:

"Ticha! Wea izi hi?"

Na darasa lote likasimama, mikono kwenye mapaja.

Sisi wauzaji tulikuwa tumefukuziwa ng'ambo ya barabara. Kutoka pale niliusikia wimbo ule, watoto wote pamoja, sentensi nzima. Nikashusha pumzi. Nikamwambia mwenzangu: "Mungu asifiwe, masomo inaendelea."

Wakamutoa. Alipita kati ya madawati, vumbi ya chaki mupaka kwenye kope. Mukubwa akawasifu watoto, akamulazimisha mukalimani awatafsirie sifa zile, neno kwa neno. Sisi wakatusukuma kwa vitako vya bunduki hadi sokoni. Tulisikia tu mulio. Watoto walifungiwa darasani, na darasa liko na madirisha. Wao peke yao ndio walioona mwili ulikopelekwa.

Sasa kuna Florentine, mama yake Gracien, mujane, na mutoto alikuwa huyo moja. Kwetu kilio bila kaburi hakifungwi. Moto wa matanga haukuzimwa. Padri alimwambia misa itasomwa hata bila mwili. Akajibu: "Padri, unataka nizike upepo?" Akaanza kuzunguka nyumba za watoto.

"Mwana wangu iko wapi?"

Swali lilelile! Watoto wakainamisha vichwa. Wakaulizwa kwa Kiswahili, wakaulizwa kwa Kinande, wazazi wakawachapa. Bure.

"Kwa basoda mulikuwa na kinywa," Florentine akawaambia. "Kwa biskuti mulijibu bila kuchapwa. Nami nilete biskuti?"

Akaleta kweli. Akazipanga kwenye sahani mbele ya Keren, akakaa kumutazama. Keren akatapika.

Na watu, unawajua watu. Keren akienda kuteka maji, wanawake wa bomba walisema, "Mufunge milango, mwenye kujibu anapita." Wenzake wa mashule zingine walimupigia viwiko njiani. Akaacha kuongea. Hata kwangu mimi ilikuwa kichwa tu: ndiyo, hapana.

Jumapili moja, mvua imeanza, Florentine akaingia kwangu bila kubisha. Hakutukana safari hii. Aliinua kifuniko cha chungu changu, akachungulia. Akapiga magoti, akatazama chini ya kitanda. Akauvuta mulango, akatazama nyuma yake.

"Florentine, dada yangu, unatafuta nini?"

"Gracien. Akiwa mudogo alikuwa anapenda kujificha, nimutafute."

Akamugeukia Keren, mikono imefunguka, nguo inadondoka maji.

"Iko wapi, mama?" akamuuliza polepole, kama mutu anavyomubembeleza mutoto wake. "Iko wapi?"

Nilitaka kumushika mukono, nimutoe inje. Lakini Keren alikuwa amekwisha kuweka ungo chini. Alisimama wima, mikono kwenye mapaja.

"Mwalimu iko mu shimo ya matofali, mama," akasema, sentensi nzima. "Ile ya mwisho, karibu na muti ya avoka. Balimutupaka kichwa chini."