Nyasi za Plastiki

Jino la Munguti liliangukia kwenye bustani. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo kama trei ya chai: nyasi za plastiki zilizogundishwa juu ya mbao, na gorofa nane za kadibodi ambazo mwekezaji alituletea ili tuone tutakavyoishi. Jino likakaa hapo mbele ya gorofa, jeupe, kama gari la mtu aliyerudi kazini.

Munguti alikuwa chini, kando ya meza. Vijana walikuwa wakimpiga mateke, na kila teke lilitoa sauti ya gunia la viazi likishushwa kwa lori. Nyuma yangu kiti kilivunjwa mgongoni mwa mama mmoja. Watu walikanyagana mlangoni mwa ukumbi wakipiga nduru. Na aliyeshika rungu yenye damu, jamani, nilikuwa namjua. Alikuwa Lemein. Alikunywa uji kwangu miaka kumi.

Mnajua tulivyofika hapo? Tulikuwa familia arobaini katika zile nyumba za zamani za serikali, hapa Kitengela, nyumba za mawe zenye mabati ya kutu. Mimi niliingia nikiwa bibi arusi, na sasa ni nyanya, Shosho wa kila mtu. Basi ikasemwa zitabomolewa, zijengwe gorofa. Kaunti itoe shamba, mwekezaji ajenge, benki imkopeshe. Sisi hatukukataa. Tuliomba sentensi moja tu iandikwe kwa mkataba: familia arobaini zitarudi kwanza, kwa kodi ile ile.

Mwaka mzima tulizungumza. Mara tatu mimi na Munguti, mwenyekiti wetu, tulienda Kajiado, makao ya kaunti, kwa kikao, tukakaa kwa benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Mara tatu Kahiga, mtu wa mwekezaji, alituambia sentensi hiyo inaogopesha benki.

"Shosho, benki inataka nyumba za kuuza. Sio za kurudisha watu."

"Na mimi nataka kufia mahali nilizalia."

Alicheka kidogo, akafunga faili.

Siku ya mkutano ukumbini Kahiga alileta mkataba ambao sentensi yetu haimo. Munguti akausoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari, kisha akausukuma upande wa pili wa meza. "Kahiga, umesahau kitu." Kahiga aliangalia simu yake, akatoka nje. Punde mlango wa nyuma ukapigwa teke, wakaingia vijana saba wenye rungu.

Lemein alikuwa mtoto wa Tabitha, mlango uliopakana na wangu. Tabitha alikuwa Mmaasai, mimi Mkikuyu, na ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba hata nilijua akikohoa. Wanetu walipigana kama majogoo. Mimi nilikuwa nakimbilia mwiko. Tabitha hakukimbia. Alikuwa anainama, anang'oa nyasi kando ya mtaro, anaziinua katikati yao, na mikono inashuka. Kwao nyasi ikiinuliwa hupigi. Inalisha ng'ombe, na ng'ombe analisha mtu, utapigaje hapo? Mimi nikaigeuza kitendawili cha jioni, tukingoja githeri iive: kila mtu anamkanyaga na hasemi, lakini akiinuliwa juu, rungu zinashuka. Lemein ndiye alikuwa wa kwanza kupaza sauti. Nyasi, Shosho! Nyasi!

Tabitha tulimzika miaka miwili kabla ya siku ile. Kijana akahama, akaingia kwa kundi la wahuni wa stendi. Baadaye nilisikia aliahidiwa tenda ya kuleta mchanga wa zile gorofa.

Basi, ukumbini, niliangalia chini. Simiti. Nikaangalia dirishani. Nje kote wametandaza kabro, vile vitofali vya saruji. Munguti alikuwa ameacha kulia, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Mikono yangu ikaenda yenyewe kwa ile bustani ya mezani. Niling'oa, gundi ikalia kwa kuachia, gorofa mbili zikaanguka, jino likaruka sijui wapi. Nikasimama juu ya Munguti, nikainua.

"Lemein. Nyasi."

Rungu ikasimama hewani. Nilimuona akiangalia mkono wangu, na uso wake ukarudi mdogo, wa yule mtoto wa kaptura.

Mmoja wao akacheka. "Cheki shosho! Anataka kulisha ng'ombe carpet!"

Wote wakacheka. Uso wa Lemein ukafungika.

"Hiyo ni plastiki, Shosho," Lemein akasema, polepole. Halafu akapiga.

Nilisikia mfupa wa mkono ukilia kabla ya maumivu, kama kuni kavu. Lakini sikuangusha zile nyasi, mpaka leo sijui kwa nini. Na mtu dirishani alikuwa na simu, anarekodi.

Video ilizunguka nchi nzima. Benki ikaandika barua: hakuna pesa mpaka wapangaji watie sahihi kwa hiari yao. Tuliitwa Kajiado mara ya nne, Munguti na pengo lake, mimi na mkono kwenye plasta. Nilisoma mkataba wote. Sentensi ilikuwa ukurasa wa tisa. Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto, kama mtoto wa chekechea.

Polisi walitaka jina la aliyenipiga; kwenye video alionekana mgongo tu. Nilisema sikuona vizuri, macho ya uzee. Mkono ulikuwa wangu, lakini jina lilikuwa la Tabitha.

Sasa niko gorofa ya tatu. Nikifungua dirisha naona mahali mtaro ulikuwa.

Mwezi uliopita mlango uligongwa. Alikuwa Lemein, amekonda. Ameshika nyasi nyingi, mizizi bado ina udongo, udongo unadondoka kwa sakafu yangu mpya.

"Hizi ni za kweli," akasema.

Sikumkaribisha. Sikufunga pia. Sufuria ilichemka nyuma yangu hata ikaanza kumwagika.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega, Shosho."

Lakini sikuwa na kingine ila kile kile, na jibu alikuwa amelishika. Akainamisha kichwa niguse, vile watoto wa Kimaasai husalimia wazee. Mkono wangu wa kulia siku hizi unafika kifuani tu. Aliuona umekwama hapo njiani.

Akainama zaidi.