Pensheni Mbili, Nyumba Moja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nane Februari, saa nne na robo asubuhi, mbele ya dirisha la pensheni katika posta yetu ya Mahalla, mji wa viwanda vya nguo hapa Misri. Na aliyeyaharibu ni mdomo wangu.

Nilifika pale furaha imenijaa hadi kooni. Jana yake Mama Atif, mjane wa ghorofa ya chini, alikuwa amenikubali. Mimi Bayumi, mfumaji mstaafu, mgane wa miaka sita, ninayekula maharage ya ful yaliyopoa kwenye sufuria huku nimesimama!

Hesabu tulikwisha kuipiga mezani kwake. Shule niliachia darasa la nne nikaingia kiwandani, lakini hesabu ya tumbo haitaki cheti. Pensheni yangu pauni elfu tatu. Yake, aliyoachiwa na marehemu mumewe wa reli, elfu nne. Mkate, ful, gesi, umeme, dawa zangu za presha, zake za sukari, na kahawa: elfu sita.

"Inabaki elfu nzima!" nikaruka.

"Kaa chini, Bayumi, utavunja nyonga, hiyo elfu iishie kwa daktari."

"Tunaiweka! Kila kiangazi tunakwenda baharini, Ras el-Bar, wiki nzima!"

"Samaki utakaanga wewe. Mimi nimestaafu jiko."

Miaka arobaini wakubwa walitukata mshahara, eti akiba ya uzee. Uzee ulipofika wakatutupia makombo. Makombo ya mmoja hayashibishi, lakini ya wawili, kwenye chungu kimoja, yanashibisha! Nilihisi nimewapiga chenga wote.

Basi pale kwenye foleni nikashindwa kujizuia. "Nipongezeni jamani, namwoa Mama Atif!"

Wazee wakapiga makofi, bibi mmoja akapiga kigelegele. Karani akainua kichwa.

"Hongera, Haji. Mwambie alete hati ya ndoa, tuifunge pensheni ya marehemu. Mjane akiolewa, inakoma."

"Inakoma vipi? Kwani marehemu amefufuka?"

"Ndiyo sheria, Haji. Anayefuata!"

Aliyeitunga sheria hiyo hajawahi kula peke yake hata siku moja. Naapa.

Rafiki yangu Shaabani akanivuta kanzu. "Mpumbavu! Wenzio wanaoana kwa karatasi ya urfi, ya siri. Mashahidi wawili, kitabu cha serikali hakina habari, pensheni inaendelea. Wewe unatangaza posta!"

"Karani amesikia."

"Amesikia, lakini hajaona. Nitakuandikia mimi."

Nikamkimbilia Mama Atif, pumzi juu. Akanisikiliza mikono kiunoni.

"Karatasi ya kabatini? Niingie kwa mume wangu kama mwizi? Wanangu waseme nini?"

"Basi twende kwa kitabu. Mungu ndiye mpaji."

"Kwa elfu tatu? Watu wawili tutakula nini, maneno yako?"

"Nitachukua kazi ya kushona!"

"Kwa macho hayo? Utashona vidole." Akacheka, na mimi nikacheka. "Nipe hadi Alhamisi. Sheikhe wa ndoa aje na kitabu chake, na huyo Shaabani wako aje na karatasi yake. Nitachagua mwenyewe."

Leo ndiyo Alhamisi. Nimenyoa mara mbili. Yeye kajifunga kilemba kipya cha buluu, na nikimtazama moyo unagonga kuliko vitanda vyote vya kufumia vya zamu ya mchana. Mezani, upande huu kitabu kikubwa cha serikali, upande ule karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Shaabani kashika kalamu. Atif, mwanawe mkubwa, kasimama mlangoni. Mama Atif anatazama kitabu, anatazama karatasi, ananitazama mimi.

Sheikhe akajikohoza.

"Haya, Mama Atif, nifungue kitabu, au nimalize kahawa yangu niende zangu?"