Kijiji Kilichogawana Magonjwa

Siku ya tatu ya kambi ya matibabu, Kaylin Ostrander alianza kuwatilia shaka wagonjwa wake. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu, katika chuo cha kanisa huko Nebraska, Marekani, na alikuwa amefunga na kuomba ili Mungu amfikishe Moldova kuwahudumia watu. Watu walikuwepo, tena foleni ilifika hadi kisimani. Ila walikuja kwa mpangilio. Jumatatu wote waliumwa mgongo. Jumanne waliumwa masikio. Na asubuhi hii ya Jumatano mama mmoja alipoulizwa anasumbuliwa na nini, alifungua kiganja, akasoma kikaratasi, akajibu kwa sauti ya msiba.

"Bandama," alitafsiri Mama Aglaia, mke wa mchungaji.

"Tangu lini?"

Mgonjwa alikigeuza kikaratasi upande wa pili, hakuona kitu, akamtazama Mama Aglaia.

"Siku nyingi," alisema Mama Aglaia haraka.

"Mbona anasoma?"

"Kumbukumbu, dada. Umri."

Aliyefuata alikuwa Mzee Trofim, mfuga nyuki mwenye masharubu ya kujaa kikombe. Aliingia akichechemea mguu wa kulia, na alipofika kwenye kiti alikuwa anachechemea wa kushoto. Kikaratasi chake kilisema goti. Kaylin alimfunga mkono kwa kipimo cha presha kama alivyomfanyia kila mtu, akapampu, akasikiliza, akapima upya. Mia mbili ishirini na nane. Hapo ndipo alipoliona jasho kwenye paji la uso wa mzee, na midomo iliyopauka.

"Mwambie goti lake halina neno. Shida ni moyo. Lazima aende hospitali sasa hivi."

Mama Aglaia alitafsiri shingo upande. Mzee Trofim alisimama wima kwa miguu yote miwili.

"Moyo si wangu!" alifoka. "Moyo ni wa Profir! Mimi nimepewa goti!"

Ikabidi Mama Aglaia atoe siri. Mwaka jana timu kama hii ilikwenda kijiji cha jirani, haikukuta mgonjwa hata mmoja, na wasichana wawili wakaondoka wanalia. Aibu iliyoje! Basi mwenyekiti wa kijiji, Bibi Eudokia, aliposikia wageni wanakuja huku, aliandika magonjwa kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia, kila mtu akaokota chake. Vijana wote wako Italia wanafanya kazi, kwa hiyo wazee wengine walilazimika kubeba mawili.

"Tulitaka mjisikie nyumbani," alisema Mama Aglaia.

Kaylin alimwita mwalimu aliyeongoza timu yao ya wanafunzi, Daktari Whitlock, ambaye alimpima mzee, akampa kidonge, akapiga simu. Gari la wagonjwa lingechukua saa moja na nusu. Gari lililokuwa karibu lilikuwa moja tu, nalo ni la Profir.

"Siendi!" alisema Trofim, mkono kifuani. "Niende na moyo wa watu? Kesho atatangaza nimemwibia! Kama alivyosema kuhusu kokwa zake za jozi!"

Wazee hao walikuwa majirani, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na tisa kwa sababu ya mti wa jozi wa Profir, ambao matawi yake yalivuka ua hadi kwa Trofim.

Kaylin alitoka mbio, Mama Aglaia nyuma yake. Alimkuta Profir kwenye foleni, ndani ya suti ya harusi, akigumia huku ameshika kifua upande wa kulia. Alipoelezwa, alikataa katakata.

"Nimefanya mazoezi wiki nzima! Mke wangu ameipiga suti pasi! Na yeye nani alimtuma kuokota goti?"

Bibi Eudokia aliitwa, akaja na mhuri. Alisema kubadilishana kunawezekana, mradi pande zote zitie sahihi. Profir akasema atatia sahihi akirudishiwa matawi mawili ya ule mti yaliyovuka ua. Trofim, akisikia kupitia dirishani, akasema heri afe.

Na alikuwa anakufa kweli. Kaylin aliliona hilo. Chuoni walifundishwa mengi, lakini si hili. Akakiweka kifaa chake cha kusikilizia mapigo kifuani kwa Profir, akafumba macho, akalitaja jina la Bwana kwa sauti.

"Mzee Profir," alisema, "umepona."

"Nimepona?"

"Kabisa. Huna ugonjwa wa moyo tena."

Bibi mmoja alipiga ishara ya msalaba. Mwingine akaanza kulia. Bibi Eudokia alifikiri kidogo, akagonga mhuri kwenye kikaratasi cha Profir, akapaza sauti kuelekea dirishani: "Trofim! Moyo uko wazi! Uchukue!"

"Ningejua mapema nisingebishana," alisema Trofim, akaanguka mikononi mwa Daktari Whitlock.

Profir ndiye aliyeendesha, suti na yote, akipiga honi kuwafukuza bata njiani.

Trofim aliwahi kufika hospitalini. Ijumaa, basi la timu lilipopita hospitali ya wilaya, Kaylin alimkuta ameketi kitandani akiwagombeza wauguzi kuhusu uji wa mahindi. Kando yake alikaa Profir, ambaye hakuwa amerudi nyumbani tangu Jumatano.

"Binti," alisema Profir, "tangu uniponye silali. Hapa kifuani pamebaki patupu."

Kaylin alimpima. Hapakuwa na kasoro yoyote. Aliona haya, kwa sababu alikuwa amemdanganya mtu mzima kwa jina la Bwana, akaomba radhi kupitia kwa Mama Aglaia, aliyekuwa anawasindikiza. Profir alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Hakuwa anazungumzia hilo. Alikuwa anamzungumzia mwanawe mkubwa, aliyeko Padova, Italia, ambaye simu yake imezimwa tangu Pasaka.

Dereva alipiga honi mara mbili. Kaylin alivuta kiti, akaketi. Profir alipomaliza habari za mkubwa, akaanza za wa pili.