Chaji Inayoishia kwa Mbuzi wa Sikio Jeupe

Mimi Nyibol niite mnene, niite mkali, niite mama domo, tutacheka. Lakini mwizi? Hapo tutakosana mpaka kiama. Na Ekuru aliniita mwizi mbele ya soko zima, asubuhi, hata chai sijanywa.

Kibanda changu cha kuchaji simu kiko hapa kambini Kakuma, karibu na wauza nyama. Nina jenereta moja, ubao wa nyaya kumi na nne, na kwenye bati nimeandika kwa rangi nyekundu: KUJAZA 20. NUSU 10. HAKUNA KUBISHANA. Jenereta hiyo niliinunua kwa miaka mitatu ya kukaanga mandazi. Bila hiyo mimi ni mtu wa kupanga foleni ya mahindi ya msaada tu, basi.

Ekuru ni mfugaji wa huku Turkana, mtu mzima, anatembea na kigoda chake. Wanyama wake wako Lorugum, wanachungwa na mdogo wake, Lomorukai. Kila Jumatano Ekuru anajaza simu kwangu, anakaa hapo nje, anampigia mdogo wake kuwajulia hali wanyama. Si kwa jumla, jamani! Mmoja mmoja, kwa rangi zao. Kwao ukiuliza "mifugo haijambo?" hujauliza kitu.

"Wiki tatu sasa!" akapiga kelele. "Nikifika kwa mbuzi wa kahawia mwenye sikio jeupe, simu inakufa! Huyu mama anachukua ishirini nzima, anatia umeme nusu. Mwizi!"

Simu yenyewe ilikanyagwa na punda. Kioo cheusi tii, hakionyeshi chaji wala saa. Ikinyamaza, Ekuru anasema imekufa, anaifunga kwenye mfuko wa nailoni mpaka Jumatano nyingine. Na hakuna mtu anayempigia, maana nani ana nafasi ya salamu zake?

Bahati yangu mbaya, siku hiyo Adome alikuwa sokoni. Huyo ni ofisa wa vipimo, alitoka Lodwar kuja kukagua mizani za wauza nyama. Kusikia kelele, huyo, amefika.

"Kinachouzwa lazima kipimwe," akasema. Akachomoa betri ya Ekuru, akaiweka kwenye mizani yake ndogo ya majani chai. Gramu ishirini na mbili. Akaniamuru niichaji. Nikaichaji mpaka ikajaa pomoni, akaipima tena. Ishirini na mbili.

"Mama, hujaongeza kitu. Unauza hewa."

Watu wakaguna. Mimi damu ikanipanda kichwani.

"Mkubwa, Jumapili ulienda kanisani?"

"Nilienda."

"Ulitoka umeongezeka kilo ngapi?"

Soko likaangua kicheko. Adome aliitazama mizani yake, akanitazama mimi, akaitazama tena mizani. "Hiyo ni hoja," akakubali. Lakini akatoa waya wa kufungia vyombo vibovu. "Basi apige simu. Akimaliza wanyama wote, chaji ni halali. Ikifa njiani, jenereta hii naifunga, naondoka nayo Lodwar."

Niliiangalia jenereta yangu. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Miaka mitatu ya mandazi ilikuwa inangoja mbuzi.

Adome akatia vocha ya mia kutoka mfukoni mwake, huku ananung'unika. Ekuru akakaa kwenye kigoda, akapiga. Sauti ya simu hiyo ni kubwa, soko zima linasikia.

"Ejok?"

"Ejok-noi, kaka."

Ikaanza. Mke hajambo? Hajambo. Mvua? Hakuna. Ngamia mweupe? Yupo. Ngamia mwenye kovu? Yupo, anakohoa. Anakohoa vipi? Lomorukai akakohoa kama ngamia. Adome akaangalia saa. Punda wakapita salama, wanne wote. Tukaingia kwa mbuzi. Mweusi yupo, wa madoa yupo, asiye na pembe yupo, kazaa.

"Na yule wa kahawia, mwenye sikio jeupe?"

Kimya.

"Imekufa!" Ekuru akaruka na kigoda. "Mmeona? Mwizi!"

Adome akaanza kukunjua waya. Kwa hasira nikachukua simu yangu, nikapiga namba ya Ekuru.

Maiti ikalia. Ikalia kwa nguvu mkononi mwake, mpaka akaitupa chini.

"Okota, baba," nikamwambia. "Imefufuka. Sasa mpigie tena mdogo wako, na uanze na mbuzi."

Akapiga. Hakusema hata ejok ya salamu.

"Wa sikio jeupe yuko wapi?"

"Kaka, huko kumenyesha?"

"Lomorukai!"

Ng'ombe alilia huko Lorugum, tukamsikia vizuri. Kisha sauti ndogo: "Kulikuja wageni, kaka."

Ekuru akafumba macho. "Na yule wa madoa? Apa kwa Mungu."

"Wageni walikuwa wengi."

Adome aliukunja waya wake taratibu, akautia mfukoni. Kwenye daftari lake akaandika: Chaji sahihi. Upungufu uko kwa mbuzi.

Ekuru alisimama juu ya kigoda chake. Kwa sauti ile ile ya asubuhi akatangaza: "Huyu mama si mwizi! Mwizi ni wa tumbo moja na mimi!" Nikalia pale pale, sikuona haya. Halafu akanipa ishirini nijaze simu upya, maana kesho yake alikuwa anapanda pikipiki kwenda Lorugum.

Jioni nilichukua rangi nyekundu nikaongeza mstari kwenye bati: UKIPIGA, ANZA NA MBUZI.